Nyasi Ukutani

Mzee wa fremu aliigeuza picha yangu kuelekea mwanga wa mlangoni, akashusha miwani puani, akauliza, "Mwanangu, hii nyumba ya nani?"

Nikamwambia si ya mtu ninayemjua. Ni kijiji cha Ufaransa, picha ya zamani, mimi nimeichapisha tu steshenari hapo jirani.

"Ufaransa kuna nyumba za nyasi?"

"Zilikuwepo, mzee."

Akacheka kidogo. Ukutani nyuma yake zilining'inia picha ambazo wateja wenzangu huzipenda: maporomoko ya maji ya nchi za theluji, Al-Kaaba usiku, farasi weupe wakikimbia ufukweni, na dua ya kuibariki nyumba. Akachukua futi kamba, akapima upande mmoja, akasita kabla ya kupima wa pili.

"Sisi tumetoka humo mbio," akasema. "Wewe unalipia kioo urudi."

Hakusema kwa ubaya. Akaniuliza nataka ubao mweusi au wa dhahabu, tukapatana bei, nikaondoka. Lakini maneno yale yalipanda nami daladala, na wiki kadhaa sasa hayajashuka.

Sina haja ya kueleza kwa nini alisema vile. Anayesoma hapa anajua nyumba ya nyasi inavyokuwa mvua ikinyesha usiku.

## Kilichomo

Picha inaitwa Kijiji cha Becquigny. Mchoraji ni Théodore Rousseau, ambaye hana undugu na yule mwanafalsafa tuliyemkariri shuleni. Alikiona kijiji hicho mwaka 1857 katika eneo la Picardy, kaskazini mwa Ufaransa, akaanza kukichora kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa mahogani wenye upana wa mita moja hivi. Leo ubao huo uko New York.

Ukiitazama kwa mbali hakuna tukio. Njia ya udongo inaanzia miguuni pako, inaingia moja kwa moja kijijini. Nyumba za kuezekwa kwa mabua zimekaa huku na huku, miti inasimama katikati yao na juu yao, na mtu mmoja mdogo yuko njiani. Sehemu kubwa ya juu ni anga. Basi.

Mpangilio huo wa njia inayokwenda kumchomoa mtazamaji alipo, Rousseau aliuchukua kutoka kwa mchoraji Mholanzi Hobbema, aliyechora mwaka 1689 barabara ya kijiji cha Middelharnis yenye miti mirefu pande mbili. Picha ile iko London, na ukiziweka mbili hizi bega kwa bega unaona ujirani wao mara moja. Tofauti ni kwamba Hobbema alitaka uifuate barabara mpaka mwisho. Rousseau anakuzuia kila hatua, maana kila upande kuna paa la kutazama.

Na hayo mapaa ndiyo yaliyonishika. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta nilitarajia kukuta nilichozoea kwenye picha za namna hii, yaani bapa moja la rangi ya kahawia na mistari michache ya kudanganyia jicho. Nikakuta mipigo midogo midogo ya brashi, mingi kupita kiasi, kila mmoja na rangi yake. Kahawia iliyoiva, kahawia iliyokufa, kijani kinachopenya kutoka ndani ya mabua yenyewe. Sehemu nyingine huwezi kuamua paa limeishia wapi na mti umeanzia wapi. Ukingo wa upenu hauko mstari mmoja, unapanda na kushuka.

Aliyewahi kuezeka anaijua hali hiyo. Mabua hayazeeki kwa pamoja. Upande unaopigwa sana na mvua unaoza kwanza, unalala, unaota ukungu na magugu, huku upande wa pili bado uko imara, na mwenye nyumba kila mwaka anajiambia ataziba pale tu palipochoka. Rousseau alichora paa ambalo limezibwa mara nyingi.

Picha za maporomoko kwenye ukuta wa mzee wa fremu hazina paa la namna hiyo. Zikiwa na kibanda, kimetoka kuezekwa jana.

## Udongo na mabua

Nyumba za vijijini Picardy zilijengwa hivi. Kwanza mbao zinasimamishwa kuwa kiunzi. Katikati ya nguzo zinafungwa fito. Fito zinakandikwa kwa udongo uliokanyagwa pamoja na mabua makavu ili usipasuke ukikauka. Ukuta ukishika, unapakwa chokaa. Juu yake makombamoyo, kisha mabua ya nafaka yaliyofungwa mafungu.

Soma tena hapo, uondoe jina la Picardy, uweke Handeni.

Majirani zao wa Normandy walikuwa na ufundi mmoja ambao nimeusimulia kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza. Mgongo wa paa, pale pande mbili zinapokutana, ndipo maji hupenya kwanza. Wao walipafunika kwa udongo, kisha wakapanda humo maua ya irisi. Mizizi ikaushika udongo, udongo ukayashika mabua. Kila msimu wa maua nyumba ilikuwa na bustani kichwani, na mwenye nyumba hakuwa amefikiria urembo hata kidogo. Alikuwa anazuia kuvujiwa.

Kilichoyamaliza mapaa hayo ni moto. Cheche moja, upepo kidogo, na mtaa mzima umeondoka. Katika karne hiyohiyo ya 19 kampuni za bima zikaanza kuwatoza zaidi wenye nyumba za mabua, au kuwakataa kabisa, na wakuu wa mikoa wakatoa amri za kupiga marufuku uezekaji huo sehemu moja baada ya nyingine. Kigae na jiwe la sleti vikachukua nafasi. Aliyeweza kununua alinunua, asiyeweza alingojea na hofu yake.

Kwa hiyo wao nao walitoka mbio.

Hata bati ambalo sisi tulilikimbilia limezaliwa katika miaka hiyohiyo. Wazo la kulikunja bati mawimbi liliandikishiwa hataza London mwaka 1829, na njia ya kulipaka zinki lisishike kutu ikaandikishwa na mhandisi Mfaransa, Stanislas Sorel, mwaka 1837. Rousseau alikuwa kijana wa miaka 25. Sidhani kama kuna mchoraji wa wakati ule aliyekaa mbele ya bati akasema hili nalo ni zuri.

Hapo shaka ikaniingia. Mtu anatoka mjini, anakuta wenzake wanaishi chini ya paa wanalotamani kuliondoa, anakaa analichora paa hilohilo kwa mapenzi, kisha picha inakwenda kuuzwa Paris kwa watu ambao nyumba zao hazijawahi kuvuja. Mzee wa fremu asingehitaji kusoma chochote ili kuliona tatizo.

Na biashara hiyo iliendelea kukua. Reli kutoka Paris ilifika Fontainebleau mwaka 1849, na wenye pesa za mjini wakapata shamba la kwenda kulitazama Jumapili na kulitundika sebuleni Jumatatu. Kijiji cha Becquigny chenyewe, baada ya kupita mikono ya watu, kilinunuliwa mwaka 1902 na Henry Clay Frick, tajiri wa Pittsburgh aliyejaza mifuko kwa makaa ya koki ya kuyeyushia chuma. Mfalme wa chuma akanunua nyasi. Jumba lake la New York ndilo makumbusho yanayoitunza picha hadi leo.

## Mtoto wa fundi nguo

Nilitaka kumchukia Rousseau. Ingerahisisha makala hii.

Alizaliwa Paris mwaka 1812, baba yake fundi nguo. Si mtoto wa mkulima. Rafiki yake mkubwa na jirani yake kijijini Barbizon, Jean-François Millet, ndiye aliyezaliwa kwenye jembe, kwenye kitongoji cha pwani ya Normandy, na ukitazama picha za Millet unajua mkono uliochora mgongo ulioinama umewahi kuinama wenyewe. Rousseau hakuwa na ushahidi huo mwilini. Watu wake mara nyingi ni wadogo, wa kuonyesha ukubwa wa mti tu.

Lakini hakuwa pia mtalii wa Jumapili. Majaji wa Saluni ya Paris, yale maonyesho makuu ya serikali ambako mchoraji alipata au kukosa ugali wake, walizikataa kazi zake mfululizo kuanzia 1836 hadi 1841, mpaka watu wakambandika jina la Mkataliwa Mkuu. Akaacha hata kupeleka. Ilibidi mapinduzi ya 1848 yaondoe wakubwa wa zamani ndipo milango ifunguke. Katika miaka hiyo akahamia Barbizon, kwenye ukingo wa msitu wa Fontainebleau, akapanga nyumba ya kijijini na kugeuza ghala kuwa mahali pa kuchorea. Akaishi huko mpaka kifo chake, na mke aliyeugua akili, na madeni.

Kuna kisa kimoja ambacho kilinivuruga mpango wa kumchukia. Mwaka 1855 Millet alionyesha picha ya mkulima anayepandikiza mti mbele ya nyumba yake ya mabua, mke amesimama pembeni na mtoto mkononi. Millet alikuwa hana kitu, watoto wanaongezeka. Akatokea Mmarekani mmoja, akainunua kwa faranga 4,000, bei nzuri sana kwake. Baadaye ikajulikana hapakuwa na Mmarekani. Mnunuzi alikuwa Rousseau. Siku hizo mambo yake yalikuwa yamenyooka kidogo, na alijua rafiki yake asingepokea msaada, basi akamtunga mgeni kutoka ng'ambo ili heshima ya mtu isiguswe.

Anayejua kusaidia hivyo anajua kitu kuhusu umaskini hata kama hakuzaliwa nao. Ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikakumbuka kwamba kumjua maskini mmoja, tena mchoraji mwenzako, si sawa na kuijua nyumba usiyoingia.

## Mialoni ilipata wakili

Jambo la msitu ndilo lililonirudisha nyuma tena.

Serikali ilikuwa ikikata mialoni ya kale Fontainebleau na kupanda misonobari ya biashara. Rousseau akaona uchungu. Mwaka 1852 akapeleka malalamiko kwa mtawala, yule ambaye mwaka huohuo aligeuka kuwa mfalme Napoleon wa Tatu, na hoja yake ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule: sehemu za msitu zilindwe kwa sababu ya uzuri wake, na kwa ajili ya wanaozichora. Alisikilizwa. Mwaka 1853 hekta 624 ziliwekwa kando zisiguswe na shoka, na mwaka 1861 agizo likapanuliwa kufikia hekta zaidi ya 1,000. Hii ni miaka kumi na zaidi kabla Wamarekani hawajatangaza Yellowstone kuwa hifadhi yao ya kwanza ya taifa. Ukiwa unatafuta mababu wa hifadhi za taifa, mmoja wao ni mchoraji mwenye ndevu aliyegombea miti.

Nampa heshima yake. Lakini vijiji vya ukingoni mwa msitu ule viliishi kwa kuokota kuni kavu, na Rousseau mwenyewe alichora wanawake wamebeba mizigo ya kuni wakitoka chini ya mialoni yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uhusiano wa mwenye kuni na mwenye hifadhi.

Mti ulipata wakili aliyefika mpaka kwa mtawala. Nyumba za mabua zilipata ubao wa mahogani.

Nilikaa na hesabu hiyo siku kadhaa, nikiona nimeshampata. Kisha nikajiuliza wakili wa nyumba angeomba nini. Aombe paa la mabua lisiguswe? Wenyewe wangemfukuza na fimbo, na wangekuwa na haki. Aombe wapewe vigae? Hilo si jambo la mchoraji, ni la bajeti. Nilichokuwa nikimdai Rousseau hakikuwepo, na nadhani mzee wa fremu hakumdai yeye chochote. Aliyedaiwa ni mimi, niliyetaka ile nyasi iwe na kioo.

## Picha isiyokwisha

Rousseau alikuwa na tabia iliyowatia wazimu wateja wake. Hakuweza kumaliza.

Mwaka 1844 alisafiri na rafiki yake Jules Dupré mpaka Landes, kusini magharibi, nchi tambarare yenye nyumba za mashambani chini ya miti mikubwa. Alirudi na michoro ya nyumba moja ya shamba iliyokaa kivulini. Kutokana na hiyo akaanza picha, na Frédéric Hartmann, mwenye viwanda vya nguo kutoka Alsace, akaichukua iwe yake. Akangojea. Mchoraji akaongeza majani. Akangojea. Mchoraji akabadili mwanga. Picha ilionyeshwa kwenye Saluni ya 1859, mtu angedhani sasa imetoka, ikarudi studio kuendelezwa. Hartmann alipata haki yake kamili Rousseau alipokwisha kufa. Inayo sasa taasisi ya Clark, mji wa Williamstown huko Massachusetts, na tarehe iliyoandikwa chini yake inaanzia 1844 na kuishia 1867.

Nilipofika hapa ndipo niliposimama kubishana na mzee kichwani mwangu.

Nyumba ya shamba, si ikulu, si kanisa, imetazamwa na mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 20. Kila akiirudia anakuta hakuiona vizuri. Majani yaliyofunika paa, doa la jua kwenye ukuta, mahali kivuli cha upenu kinapoishia. Tajiri anamwandikia barua, pesa inangojewa, madeni yanamkaba, na bado anasema haijafika.

Mimi nimelala utotoni chini ya paa ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitazama hata dakika tano, labda bibi yangu akitafuta panapovuja. Afisa alikuja akatuhesabu, akaandika "nyasi" kwenye safu ya paa, akaenda nyumba ya pili. Karatasi ile haikudanganya. Lakini nyumba yetu ilikuwa na upande wa mashariki uliokuwa mweusi kwa moshi na upande wa magharibi ambao jua la jioni lilikuwa linaupiga mpaka unakuwa rangi ya asali, na hilo halikuwa na safu.

Tunalikimbia paa na tuna sababu. Huko kukimbia hakuniondolei hamu ya kujua lilikuwa na rangi gani.

Wapo watakaosema ndiyo hayo hayo, kupamba dhiki. Kupamba ninakujua. Nimekuona kwenye kalenda za ofisini na kwenye mahoteli ya pwani yanayoezeka makuti juu ya zege ili mgeni apige picha. Kupamba kuna haraka, hakuhitaji kurudi mara ya pili. Anayepamba angeona paa limezibwa angelinyoosha. Rousseau aliacha viraka.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kabisa kuridhika. Makala ingeisha hapa, mchoraji ameokoka, na mimi pia.

Tatizo ni anga.

## Yakuti samawi

Mwaka 1864 Becquigny ilikuwa tayari kwenda Saluni. Miaka saba ilikuwa imepita tangu aianze. Rousseau wakati huo hakuwa tena Mkataliwa Mkuu. Alikuwa na nishani, alikuwa na jina, vijana walikuwa wanapanda treni kwenda Barbizon kumwona anavyovaa viatu.

Miaka hiyo Japani ilikuwa imeanza tu kufungua bandari zake kwa meli za Magharibi, na picha za rangi za kuchapwa kutoka huko zikawa zinafika Paris. Rousseau na Millet walikuwa miongoni mwa waliozikimbilia. Fikiria mtu aliyetumia maisha yake yote kutafuta rangi ya kati ya rangi, kahawia yenye kijani yenye dhahabu, anafungua karatasi nyembamba na kukuta mbingu ya bluu moja, kavu, isiyoomba radhi, na chini yake kibanda, daraja, mtu na mwavuli, vyote vimesimama wazi kabisa.

Mkesha wa maonyesho akachukua brashi akaichora upya anga yote ya Becquigny. Bluu ya yakuti samawi.

Miaka saba ya mipigo midogo midogo, halafu anga ya usiku mmoja. Nalipenda jambo hili kuliko lolote lingine maishani mwake. Aliyeshindwa kumaliza picha kwa miongo amepata ghafla kitu anachokitaka, na hakuulizana na mtu.

Wakosoaji wakamshambulia. Na baada ya maonyesho kufungwa, Rousseau akairudisha picha studio, akaifuta ile bluu, akairejesha anga ya mwanzo, iliyopoa, inayokubaliana na mapaa. Hiyo ndiyo tunayoiona leo. Hiyo ndiyo niliyoichapisha.

Siwezi kusema wakosoaji hawakuwa na hoja ya ufundi. Bluu kali juu ya kijani na kahawia iliyopikwa taratibu yaweza kugombana nayo. Lakini nadhani kulikuwa na jambo jingine chini ya hoja, na hili ni langu, simsingizii mtu. Mtazamaji wa mjini anajua nyumba ya maskini inatakiwa kukaa chini ya anga gani. Anga tulivu, yenye mawingu ya heshima, yenye kuomboleza kidogo. Chini ya anga hiyo anaweza kuihurumia nyumba na kuipenda kwa pamoja, na hakuna kinachomdai. Ukiweka bluu ya mchana mweupe, huruma inakosa pa kukaa. Nyumba inakuwa nyumba tu. Ina mwenyewe, na mwenyewe ana shughuli zake.

Sisi wa pwani tunaijua bluu hiyo. Ndiyo anga ya saa sita. Haimpambi mtu na haimwonei mtu huruma, na chini yake kuta za kukandika zinaonekana nyufa zote.

Rousseau alirudi nyuma. Hakuwa na sababu ya woga, kwa maana ya cheo. Miaka mitatu baadaye alipewa kuongoza majaji wa uchoraji kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1867, yeye ambaye majaji walimtupa nje miaka yote ile. Mwaka huohuo kiharusi kikampiga, na tarehe 22 Desemba akafariki Barbizon, miaka 55, Millet akiwa naye. Becquigny alikuwa bado anaigusagusa.

Wiki iliyopita nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua nakala ya picha kwenye kompyuta, nikaizungushia anga mstari kwa panya, nikaimwagia bluu. Nilijaribu bluu kadhaa mpaka nikapata moja niliyoona inakaribia yakuti. Kingo za miti zimechafuka, majani mengine yamegeuka zambarau, fundi yeyote wa picha angenicheka.

Lakini mapaa yalibadilika. Kahawia ile ile, sikuigusa, ikawa njano. Kijani kilichokuwa kimejificha kwenye mabua kikatoka mbele. Viraka vikaonekana ni viraka, kazi ya mtu aliyepanda ngazi na fungu begani, na yule mtu mdogo wa njiani ambaye siku zote nilimwona amechoka sasa anaonekana anakwenda mahali. Nikamtumia dada yangu bila maelezo. Akajibu, "Hapa wapi, Korogwe?"

Sikumjibu mpaka kesho yake.

Wakosoaji wa 1864 waliona picha imeharibiwa. Mimi nadhani waliona kijiji kilichoacha kuwaomba kitu, na wakadai kirudishwe kuomba. Na Rousseau, aliyetumia miaka saba kuhesabu mabua, akawakubalia kwenye jambo kubwa kuliko mabua yote. Kwa viraka namshukuru. Kwa anga bado tunagombana.